Dengu ya Mbali Isiyo na Mikia

Viatu vya Kiguu havikulala chini ya kitanda. Vililala mlangoni, ncha zikitazama nje, kamba zimelegezwa, kama punda aliyekwisha tandikwa. Jina alipewa na mama yake, aliyechoka kumtafuta kwa majirani kila jua lilipozama. "Mtoto huyu ni kiguu na njia, mkimwona mwambieni kwao kupo." Mama alifariki, majirani wakahama, jina likabaki. Hata alipoota mvi na kuanza kusoma kwa miwani, watu walimwita Kiguu usoni pake, naye akaitika. Mtu mmoja tu alimwita dada, na huyo ndiye aliyemrudisha.

Ufundi wake wa kwanza ulikuwa meno ya bandia. Alijifunza akiwa msichana, katika chumba cha nyuma cha daktari wa meno: kukoroga plasta mpaka iwe nzito kama maziwa ya mgando, kuimimina kabla haijashika, kisha kuchonga jino mpaka ulimi wa mtu asiyemjua ukubali kuwa ni lake. Aliupenda ufundi huo kwa sababu meno hung'oka kila nchi. Alifanya kazi katika mji wa bandari ambako chumvi ilikula vyuma vyake, katika mji wa machimbo ambako kila mteja alitaka jino la dhahabu, katika mji wa baridi ambako plasta ilikataa kushika mpaka uipakate kama mtoto mchanga. Alirudi na lugha sita, na katika zote sita neno alilolijua kwanza ni "uma". La pili lilikuwa "naondoka".

Kila alipofika alikaa mpaka aanze kuwajua paka wa mtaa kwa sura. Hapo mguu wa kulia ulianza kucheza chini ya meza, wenyewe, kama mguu wa fundi cherehani, na wenzake wa kazi wakajua kwamba mwezi hautaisha kabla hajaaga.

Mdogo wake alikuwa kinyume chake. Surua ilimpokonya macho kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na tangu hapo aliishi katika nyumba ileile, akaenda kazini kwa njia ileile, akanunua mkate kwa mtu yuleyule. Alikuwa msomaji katika karakana inayotengeneza vitabu vya watu wasioona. Siku fundi wao wa kalibu alipostaafu, mdogo huyo alimpigia dada yake simu ng'ambo.

"Dada, njoo mara moja, utushike mkono mpaka tupate mwingine."

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

Mara moja hiyo ikanyeshewa na mvua mbili.

Kazi yenyewe haikuwa mbali na meno. Picha za kuguswa huanzia kwenye kalibu, yaani bamba la plasta lililochongwa milima na mabonde. Juu yake hutandikwa karatasi ya plastiki, ikapashwa moto mpaka ilegee, kisha mashine hufyonza hewa kutoka chini, plastiki ikaikumbatia plasta na kupoa katika umbo lake. Kutoka kwenye kalibu moja zinatoka picha za shule nzima. Kiguu alikwisha chonga moyo wa ng'ombe, ramani za mito, mdudu anayeeneza malaria akiwa mkubwa kama kiganja. Sasa walikuwa kwenye kitabu cha anga. Mwezi ulikuwa tayari, jua na madoa yake lilikuwa tayari, galaksi mbili zenye mikia iliyojiviringisha zilikuwa tayari. Lilibaki bamba moja. Alhamisi gari la kiwanda lingekuja kuchukua kalibu zote, na bamba lisilokuwepo lingeachwa nje ya kitabu. Ijumaa asubuhi Kiguu alikuwa na treni. Jumba la makumbusho, mipaka miwili kutoka hapo, lilitaka mtu wa kunakili mifupa kwa plasta, na mguu wa kulia ulikuwa umeshaanza.

Karakana ilikuwa na sheria isiyovunjwa: msomaji haambiwi. Bamba linawekwa mbele yake bila jina, anapapasa, anasema anachokikuta kwa sauti, na mtaalamu aliyeleta picha anasikiliza kwenye simu. Mtaalamu hajibu mbele ya msomaji. Simu inatolewa nje, jibu linasemwa huko, fundi anarudi ama na uso mkunjufu ama na patasi. Kwa nini ugumu wote huo? Kwa sababu mtu akiambiwa kuwa hili ni jani, vidole vyake vitakuwa na adabu na kukuta jani. Na wasomaji wengine wawili wa karakana walikuwa wameshayapitia maandishi ya kitabu, kwa hiyo walijua kila kitu. Kwa kitabu cha anga alibaki mdogo wake Kiguu peke yake, aliyekuwa akijigamba, "Kidole kimoja hakivunji chawa, mimi ninavyo kumi."

Mtaalamu wa anga alikuwa binti mwenye sauti ya kukwaruza, aliyefanya kazi kwenye darubini kubwa mlimani. Walimwita Daktari. Siku ya kwanza Kiguu alimuuliza kama anatibu, akajibiwa kuwa wagonjwa wake wako mbali mno kupewa dawa. Ndiye aliyekuja na picha ya bamba la mwisho, akaifungua kwenye kompyuta ya karakana wakati msomaji amekwenda kula.

"Hii ni ya umbo la dengu, mama. Ukiitazama kwa ubavu ni dengu kabisa. Katikati imevimba, kingo nyembamba."

Kiguu alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Palikuwa na doa la mwanga wa manjano, kali katikati, likififia taratibu mpaka gizani. Basi.

"Mikia yake iko wapi?"

"Haina."

"Imekatika?"

"Pengine ilikuwa nayo hapo kale. Wengine wanasema ilipita katikati ya galaksi nyingine nyingi, gesi yake ikapukutika njiani kama unga kwenye gunia bovu. Wengine wanasema ilimeza mwenzake. Hatujui. Tunachokiona ni kwamba gesi ni kidogo sana, na bila gesi hazizaliwi nyota. Zile changa ndizo huchora mikia, zinawaka bluu. Humu zimebaki za kizee, ndiyo maana unaona rangi hiyo, manjano inayoelekea wekundu."

"Kijiji cha wazee."

"Mabilioni ya wazee."

"Na kiko mbali?"

"Mwanga unaouona hapa uliondoka huko zaidi ya miaka milioni sitini iliyopita."

"Milioni sitini njiani bila kupumzika," alisema Kiguu, na kwa mara ya kwanza akaitazama picha kwa heshima. "Huo mwanga naufahamu. Lakini huko ulikotoka, mwanangu, nisamehe. Pamekaa tu. Nichonge nini hapo?"

Swali lilikuwa la kweli. Katika vidole, palipo laini hapana kitu. Ndivyo wasomaji walivyofundishwa tangu darasa la kwanza: bahari kwenye ramani ni laini, anga tupu ni laini. Kiguu alichonga bamba la kwanza kama picha ilivyokuwa, tuta katikati na mteremko laini, akalipiga plastiki, akaliweka mezani.

Mdogo wake alikunja mikono ya shati, kama kawaida, akashusha vidole.

"Kifuniko cha sufuria," alisema. "Kwa pembeni hapana kitu. Dada, tumeingia jikoni?"

Nje, Daktari alisema kwamba tuta limesikika lakini sahani yake yote, yaani ule upana unaolizunguka, imepotea, na sahani ndiyo galaksi. Kiguu akarudi na patasi. Kama laini ni tupu, basi aikwaruze, vidole vipate kitu cha kushika. Alichukua chombo kidogo cha kukwangulia meno, akakipitisha toka katikati kwenda nje, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, mingi na myepesi, mpaka sahani nzima ikawa na chembechembe.

"Konokono," alisema mdogo wake.

"Pole pole. Papasa vizuri."

"Nimepapasa. Konokono, kama wale wawili wa mwanzo, ila huyu amechoka."

Nje, Daktari alisema, "Hapana mama, haina mikia."

Kiguu akalisugua, akakwaruza upya, mara hii akigeuza bamba kila baada ya muda. Konokono. Akachonga jingine tangu mwanzo, kwa chombo kingine. Jumatatu alasiri alilileta, akasimama nyuma ya kiti cha mdogo wake, mguu ukipiga sakafu kwa nguvu mpaka glasi ya maji mezani ikatetemeka.

"Mguu huo," alisema mdogo wake bila kugeuka. "Nasoma au nacheza ngoma?"

"Soma."

Akasoma kwa muda mrefu, akarudi katikati, akatoka tena. "Dada, utakasirika."

"Sema, simu inasikiliza."

"Konokono."

Kiguu hakuitoa simu nje. Aliikata.

"Unafanya makusudi," alisema.

"Nafanya nini?"

"Unajua nina treni Ijumaa. Unajua bamba likipita sina kilichonibakiza hapa. Kwa hiyo halitapita, sivyo? Utaniambia konokono mpaka treni iondoke. Mwenzio nimezunguka dunia, nazijua mbinu za mtu anayetaka mgeni asiondoke. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!"

Mdogo wake aliinua vidole kutoka kwenye bamba, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mkono kwenye sahani ya watu waliomsengenya. Akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo.

"Wewe si mgeni," alisema. "Na mimi nikitaka ukae nitakwambia kaa. Nina mdomo. Kutumia vidole hivi kusema uongo, dada, ni sawa na mtu kujitia kidole cha jicho. Nami macho sina ya ziada." Akachukua fimbo yake. "Tafuta msomaji mwingine."

"Hakuna mwingine, unajua."

"Basi tafuta kamba nyingine."

Akatoka kwa njia yake ileile, fimbo ikigonga ukuta, kizingiti, ngazi.

Kiguu alibaki na bamba. Alitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Alikwisha gombana na watu katika lugha sita na kila mara dawa ilikuwa moja: kesho yake hayupo. Lakini kesho ilikuwa Jumanne tu, na safari hii hasira yenyewe ilikuwa na harufu mbaya. Alifumba macho akapapasa bamba mwenyewe. Hakusikia kitu. Vidole vya mwenye macho ni wavivu, vimezoea kusubiri jicho liseme.

Hapo ufundi wa zamani ukamjia. Mtu akivalishwa meno mapya, huwezi kumuuliza wapi panamgusa, kwa sababu mdomo wote unamuuma. Unampa aume karatasi nyembamba ya bluu, na palipoinuka panachukua rangi. Kiguu alikuwa bado na kijiboksi cha karatasi hizo, kilichosafiri naye kila mahali. Alizitandaza juu ya plasta, akazisugua kwa gumba, akaziinua.

Alikaa chini.

Mikia ilikuwepo. Miwili, ya bluu, imetoka katikati na kujipinda kuelekea kulia, hafifu kiasi kwamba jicho lisingeiona bila rangi. Akatandaza karatasi kwenye bamba la kabla ya hilo. Mikia miwili, upande uleule. Akashika chombo chake, akakipitisha hewani kama alivyozoea, na kuutazama mkono wake ukitoka katikati, ukianza wima, kisha kifundo kikijikunja chenyewe kulia, kama mtu anayekata kona. Ndivyo alivyochonga magego ya watu maisha yake yote. Hajapata kupitisha chombo mahali palipotulia bila kukipa pa kwenda.

Akampigia Daktari.

"Mikia ni yangu," alisema.

"Samahani, mama?"

"Mikia. Haikutoka kwenye picha yako, imetoka kwenye kifundo changu. Na mdogo wangu aliisoma, mara zote tatu, nami nikamwita mwongo." Akavuta pumzi. "Niambie ukweli, mwanangu. Kitu kilichokaa tu vile, mtu anakichongaje bila kukisogeza?"

"Nani kasema kimekaa?"

"Nakiona."

"Unaona sura. Tukiupasua mwanga wake katika rangi zake tunaona jambo jingine. Upande mmoja mwanga wake umesogea kidogo kuelekea bluu, ina maana nyota za upande huo zinakuja. Upande wa pili umesogea kuelekea wekundu, zinakwenda. Galaksi ile inazunguka, mama. Nyota zake zinakwenda mamia ya kilomita kila sekunde, na zimefanya hivyo tangu kabla dunia haijawa dunia."

"Na hazikuacha alama?"

"Zimezunguka mpaka alama zimelainika. Imetulia hivyo kwa sababu ya mwendo, siyo kwa kukosa mwendo."

Kiguu alikata simu bila kuaga, kosa ambalo mama yake angelimkemea kwalo, akatoka nje kutembea. Hakufika mbali. Chumba kilichopakana na karakana kilikuwa cha mpamba keki, mama mnene aliyejulikana mtaa mzima kama Mama Keki, mlango wake wazi siku zote kwa sababu ya joto la oveni. Alikuwa na keki nyeupe juu ya meza ndogo ya duara inayozunguka. Kwa mkono wa kushoto aliizungusha meza. Kwa mkono wa kulia alishika kisu kirefu, hakikusogea hata kidogo, na krimu yenye makunyanzi ikapita chini yake na kutoka upande wa pili ikiwa kama uso wa maji kwenye ndoo.

"Umesimama kama mdai," alisema Mama Keki. "Ingia au nenda."

"Kwa nini hukisogezi kisu?"

"Hee! Nikisogeze kifanye nini? Ukipeleka mkono, keki inapata makovu. Mkono utulie, keki ndiyo itembee."

Kiguu alishika mwimo wa mlango. "Jirani," alisema, "niazime meza hiyo. Na wewe mwenyewe."

"Mimi siazimwi, mimi naalikwa. Kuna chai?"

"Chai ipo."

Jumanne ile mchana meza ya keki ilihamia karakana. Kiguu alikata bati kwa mkasi, akalipa ukingo wa nusu ya dengu: mwinuko wa katikati, mteremko mrefu, na mwisho uliozidi kuwa mwembamba mpaka usijulikane ni wapi umeishia. Akakoroga plasta, akaimimina. Mama Keki akaanza kuzungusha. Kazi ya Kiguu ilikuwa moja, kulishika bati lisisogee.

Plasta ya kwanza ilitoka na mawimbi.

"Unatetemeka," alisema Mama Keki.

"Sitetemeki mimi, ni mguu."

"Na mguu ni wa nani, wa serikali?"

Ya pili ilitoka na mawimbi. Mguu ulicheza, goti likacheza, kiwiko kikapokea salamu na kuzipeleka kwenye bati. Ukitazama plasta ile ungeweza kuhesabu mapigo yake. Mama Keki alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama mwenzake kutoka kichwani mpaka chini, akasimamia chini.

"Vua viatu."

"Viatu vimefanya nini?"

"Tangu nikujue sijakuona bila viatu. Hata chai unakunywa umefunga kamba. Mtu aliyevaa hivyo mwili wake unajua kuwa yuko njiani. Vua, usimame kama mtu anayepigwa picha."

Kiguu alicheka, lakini akavua. Sakafu ya karakana ilikuwa ya saruji, baridi, na kwa miezi yote ile hakuwa ameijua. Alikunja vidole vya miguu, akavikunjua. Alisikia mashine ya kufyonza ikinguruma kwa mbali kupitia nyayo. Plasta ya tatu ilimiminwa, meza ikazunguka, na mguu wa kulia ukasimama pale kwenye baridi kama mtoto aliyeambiwa kuna mgeni. Dengu ikainuka chini ya bati, yenyewe, laini pande zote.

"Sasa sukari," alisema Mama Keki, ambaye alikuwa ameshaona mwisho wa kazi.

Hawakutumia sukari. Walitumia mchanga mwembamba kabisa, kwa chujio la chai, wakaunyunyiza wakati plasta bado mbichi na meza bado inazunguka: mwingi katikati, ukipungua kwenda nje, punje baada ya punje, mpaka mahali ambapo punje na utupu visingeweza kutofautishwa. Vidole vitapata cha kushika, na hakuna punje itakayoelekeza njia.

Likabaki jambo moja, na ndilo lililomsumbua Kiguu kuliko plasta zote tatu. Kumwomba msamaha mtu ni kazi. Kumwomba msamaha bila kumwambia kwa nini ni kazi mara mbili. Angemwambia mdogo wake, "Ulisoma sawa, mikia ilikuwepo, nami sikuitaka," basi angekuwa amemwambia kuwa kitu kile hakina mikia, na vidole vyake vingekuwa na adabu. Bamba lingekosa msomaji. Jumatano asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka nyumba ileile, akabisha.

"Nani?"

"Dada yako. Nimekuja kukuomba radhi."

Sauti ikatoka ndani, "Kwa lipi?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi kuniambia?"

"Sheria."

Mlango ukafunguka kidogo. Mdogo wake alikuwa amesimama na kikombe mkononi, uso umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Yaani unataka nikusamehe kitu nisichokijua, kwa sababu usiyoweza kuisema."

"Ndiyo."

"Lugha sita umesoma, na hiyo ndiyo radhi uliyoipata?"

"Ndiyo hiyo."

Alikunywa chai yake bila haraka. "Nitakuja," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya kitabu. Wako watoto watakaokishika. Kwa ajili yako bado nafikiri."

Alikuja kwa njia yake, ngazi, kizingiti, ukuta. Mama Keki alikuwepo, kwa sababu hakuna mtu ambaye angemwondoa. Simu ililala mezani, Daktari ndani yake. Kiguu aliliweka bamba, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mdogo wake alikunja mikono ya shati, akashusha vidole.

Vidole vilianza katikati, vikazunguka, vikapanuka.

"Hapa katikati kumejaa," alisema. "Kumebanana. Kama watu mlangoni." Vikatoka nje kidogo. "Hapa bado wako, wachache zaidi. Hawakujipanga. Natafuta mstari, hakuna mstari. Kila upande ni sawa." Vikaendelea. "Wanapungua. Bado yupo mmoja. Bado yupo. Huyu hapa. Sasa..." Vidole vilifika ukingoni mwa bamba, vikavuka, vikaendelea kupapasa mbao za meza, taratibu, vikitafuta. "Kinaishia wapi hiki?"

Hakuna aliyejibu, sheria ni sheria.

"Sijui ni nini," alisema. "Si konokono. Si kifuniko. Ni kitu kipana, bapa, kimevimba katikati, kimejaa watu wasio na haraka, na sikuona mwisho wake. Ndivyo ninavyosoma. Kama mnataka jingine, tafuteni vidole vingine."

Kiguu alikimbilia simu kuitoa nje, lakini Daktari hakungoja.

"Ndiyo hiyo!" sauti ilikwaruza pale mezani. "Mama, ndiyo hiyo! Hata sisi mwisho wake hatujauona."

Mama Keki alipiga vigelegele. Kiguu alikuja akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mdogo wake, na sasa mdomo wake ulikuwa huru.

"Yalikuwa na mikia," alisema. "Yale mabamba ya kwanza. Niliiweka mimi bila kujua. Niliona kwa karatasi ya bluu."

"Kumbe karatasi ndiyo ilikuwa shahidi. Vidole vyangu vilihitaji mdhamini."

"Nilikukosea. Nilikwita mwongo kwa kitu ulichokisoma sawa."

"Mara ngapi?"

"Mara zote."

"Sema tena, Mama Keki hakusikia vizuri."

"Nimesikia," alisema Mama Keki, "lakini aseme."

Akasema tena. Mdogo wake alitikisa kichwa, uso ukafunguka upande mmoja.

"Yako wapi hayo mabamba mabaya?"

"Nitayavunja."

"Lete moja."

Kiguu alilileta lile la Jumatatu. Mdogo wake alilipapasa tena, bila haraka ya kazi, akiufuata mkia mmoja kutoka katikati, akipinda nao kulia, mpaka ukingoni ulipokatika.

"Huyu ni wewe," alisema. "Unaanza kama mtu anayekwenda dukani, halafu unakata kona. Hili nalichukua. Nitaligongomea mlangoni kwangu, pale unapoweka viatu ukija."

"Ningeweza kungoja mpaka wiki ijayo," alisema Kiguu, akashangaa kujisikia akisema hivyo. "Makumbusho mifupa yao imekaa miaka mingi, haina haraka."

"Nilikwambia nikitaka ukae nitakwambia."

"Hujaniambia."

"Sijakwambia," alisema mdogo wake. "Nenda. Ila mara hii uage."

Alhamisi gari la kiwanda lilichukua kalibu zote, dengu ikiwa ya mwisho kufungwa kwenye majani makavu. Ijumaa asubuhi Kiguu aliaga: karakana kwanza, kisha Mama Keki, aliyempa kipande cha keki na onyo, kisha nyumba ileile, na hapo alikaa mpaka nusura achelewe.

Ndani ya treni alipata kiti cha dirishani. Haikuwa imetoka kituoni, mguu wa kulia ukaanza, na bibi aliyekaa mbele yake akamtazama, akautazama mguu, akakohoa.

"Samahani, mama," alisema Kiguu.

Akainama, akafungua kamba, akavisukuma viatu chini ya kiti, mbali, ambako asingevifikia bila kupiga magoti. Sakafu ya chuma ilikuwa ya baridi. Treni ikavuta. Ukuta wa kituo ukaanza kwenda, kisha nguzo, kisha nyumba na nguo zilizoanikwa, vyote vikipita mbele yake, naye alikaa pale, nyayo chini, akavitazama vikipita.